Nafuu ya sefu za bunduki ikatwe pale pale dukani

Marekani kuanzia 2020 silaha za moto ndo zinaongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19, zimepita hata ajali za gari. Na inauma zaidi pale unapokuta bastola ilikuwa ya mtu wa humo humo nyumbani, imewekwa kwenye droo na risasi ziko ndani. Januari 2023 mtoto wa miaka 6 alimpiga risasi mwalimu wake darasani, Newport News, Virginia. Bastola ilikuwa ya mama yake.

Mwaka huo huo Virginia wakapitisha nafuu ya kodi, ukinunua sefu au kifaa cha kufungia bunduki unapunguziwa kodi ya mapato mpaka dola 300. Naiunga mkono kabisa, maana hakuna anayenyang'anywa bunduki yake, ila ilivyopangwa imemruka yule anayeihitaji zaidi. Chukua mama anayefanya kazi usiku, kipato chake kidogo, ana bastola ya kujilinda. Sefu ya dola 200 anatakiwa ailipe leo, atunze risiti, asubiri mpaka ajaze fomu za kodi mwaka unaofuata, afu kama hadaiwi kodi hapati kitu kwa sababu nafuu yenyewe inapunguza deni tu, hairudishi hela mkononi. Anayefaidi ni mwenye mshahara mzuri, ambaye sefu angeinunua tu hata bila kusaidiwa. Na wapo wenye bunduki ambao hawataki kabisa kuiandikia serikali kwamba wana silaha ndani, hao hata uwape 300 fomu hawajazi.

Majimbo mengine kama Washington na Massachusetts yameondoa kodi ya mauzo kwenye sefu, Michigan nao waliwahi kufanya hivyo 2024. Hiyo ni rahisi, hamna fomu wala kusubiri, lakini piga hesabu jamani: kodi ya mauzo Michigan ni asilimia 6, kwenye sefu ya dola 200 umeokoa dola 12. Nani atabadili mawazo kwa dola 12?

Wengine watasema kufuli zipo tayari. Ni kweli, sheria ya Marekani iliyopitishwa 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe kifaa cha kufungia kila akiuza bastola, na mara nyingi wanatoa kile cha waya. Sasa kile mpaka utoe risasi kwanza ndo uupitishe waya, uanze na kutafuta ufunguo, na mtu aliyenunua bastola akihofia mwizi usiku hawezi kukubali, anakiacha kwenye boksi lake. Kinachomfaa ni kale kasefu kadogo ka kuweka karibu na kitanda, unabonyeza namba nne kwenye giza kanafunguka, na mtoto asiyejua namba hagusi kitu. Hako ndo kapunguzwe bei.

Kwa hiyo mimi nasema nusu ya bei ikatwe kaunta, afu muuzaji ndo aidai serikali kwenye kodi yake, yeye mahesabu ameshazoea. Apeleke risiti za sefu tu, jina la mnunuzi na namba ya bunduki visiulizwe, na hapo hata wale wanaoogopa kuandikwa watanunua.