Pua ya risasi na uzito wake: hoja ya wawindaji wa bastola

Mwenye raifo hubebwa na kasi. Risasi yake hutoka kwa mita 800 au zaidi kwa sekunde, na kasi hiyo peke yake hupasua nyama mbali na pale risasi ilipopita. Bastola haina msaada huo. Hata bastola ya .44 Magnum, yenye nguvu nyingi na inayotumiwa sana na wawindaji wa Marekani tangu miaka ya 1950, husukuma risasi ya gramu 15 hivi kwa takriban mita 400 tu kwa sekunde. Kinachoharibika ni kile ilichokigusa.

Ndiyo maana umbo la pua lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Pua ya mviringo husukuma nyama kando, nayo hujifunga nyuma yake. Damu huwa kidogo, na mnyama hutokomea kichakani akiwa na jeraha. Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Idaho, aliliona hilo mapema, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akabuni risasi ya pua bapa yenye bega kali, yaani ukingo wenye makali nyuma ya pua. Hiyo hukata tundu safi, tena huenda moja kwa moja.

Wapenzi wa pua yenye tundu, yaani risasi yenye shimo kwenye ncha ili ipanuke inapogonga, wana hoja nzito. Ikipita katikati ya mbavu nyembamba za kulungu, huchanua ndani ya mapafu na mnyama haendi mbali. Pia haiwi rahisi kutoka upande wa pili na kudhuru kilicho nyuma. Nakubaliana nao, kwa kulungu. Kwa elki (jamaa mkubwa wa kulungu) wa kilo 300 au nguruwe mwitu mkubwa, naogopa: ikikutana na mfupa wa bega huchanua mapema na kukwama kabla ya kufika moyoni. Na kwa mbali, kasi ikishapungua, huenda isichanue kabisa.

Kuhusu uzito, kwa kipenyo kilekile gramu 19 huzama zaidi kuliko gramu 12. Hilo halina ubishi. Lakini mkono hulipa. Nimewaona watu wakifumba macho kabla hata ya kuvuta kifyatulio, kwa sababu wanalijua teke la bastola linalokuja. Risasi nzito iliyopiga tumbo ni mateso kwa mnyama. Nyepesi kiasi iliyopiga mapafu humaliza kazi. Kwa hiyo mimi ningechagua gramu 15 hadi 16 kwa kulungu, na za gramu 19, zenye pua bapa, za madini ya risasi yaliyofanywa magumu, kwa wanyama wakubwa, kwa yule tu aliyezifanyia mazoezi ya kutosha.

California mizani imebadilika. Tangu Julai 2019 risasi za madini ya risasi haziruhusiwi katika uwindaji, hivyo wengi hutumia shaba. Shaba ni nyepesi, na ukitaka uzito uleule lazima risasi iwe ndefu, na hivyo hula nafasi ya baruti. Wengi wao hushuka hadi gramu 13 au 14, wakiitegemea pua yenye tundu ambayo, kwa kuwa ni shaba tupu, huchanua bila kumeguka.