Manabii wa Israeli Walikataa Dhabihu, au Walimkataa Mtoaji?

Jeshi la Babeli lilipouzingira Yerusalemu mwaka 588 KK, mfalme Sedekia na wakuu wake walifanya jambo ambalo Torati iliwaagiza siku zote na wao wakalifumbia macho: waliwaacha huru watumwa wao Waebrania, wanaume kwa wanawake. Sheria ilikuwepo. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inasema mtumwa wa Kiebrania atumike miaka 6, mwaka wa 7 aende zake, tena asiondoke mikono mitupu. Sasa, adui akiwa nje ya ukuta, sheria ikakumbukwa, na si kwa mdomo tu. Walikusanyika katika nyumba ya Mungu, ndama akakatwa vipande viwili, na wakuu wa Yuda, matowashi, makuhani na watu wa nchi wakapita katikati ya vipande hivyo. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: nikilivunja agano hili, yanipate yaliyompata ndama.

Kisha jeshi la Farao likatoka Misri, na Wababeli wakauacha mji kwa muda ili wakapambane nalo. Yerusalemu ikapata nafasi ya kupumua. Mabwana wakawafuata watumwa waliowaachia, wakawarudisha utumwani.

Kisa hiki kimo katika Yeremia sura ya 34, na nashangaa kinavyohubiriwa mara chache. Ikitajwa dini ya nje isiyo na utii katika Israeli ya kale, tunakimbilia kwingine: Amosi akisema kwamba Mungu anazichukia sikukuu zao, Isaya akiuliza ni nani aliyewaomba waje kuzikanyaga nyua za hekalu, Samweli akimwambia Sauli kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Na ufafanuzi unaofuata ni ule ule: Waisraeli walimpa Mungu ibada za nje, Yeye akataka moyo. Kisa cha ndama kinautia shaka ufafanuzi huo. Nani ana hakika kwamba watu wale hawakumaanisha walipopita katikati ya nyama mbichi, huku Wababeli wakionekana kutoka ukutani? Hofu nayo ina unyofu wake. Huenda moyo ulikuwepo siku ile. Kilichokosekana ni watumwa kubaki huru hatari ilipopungua.

Kuhusu dhabihu zenyewe, wasomaji wa manabii wamegawanyika kwa muda mrefu, na kila upande una aya zake nzito.

Upande wa kwanza unasema manabii waliikataa ibada ya dhabihu kutoka mizizini. Amosi, mchungaji wa Tekoa aliyetabiri katika ufalme wa kaskazini, ambao mji wake mkuu ulikuwa Samaria, katika karne ya 8 KK, enzi ya mfalme Yeroboamu wa Pili, anauliza swali linaloumiza: je, mliniletea dhabihu jangwani miaka ile 40? Jibu analolitarajia ni hapana. Yeremia anakwenda mbali zaidi. Katika sura ya 7 anasema kwa niaba ya Mungu kwamba siku alipowatoa baba zao Misri hakuwaagiza habari za sadaka za kuteketezwa. Aliwaagiza waisikie sauti yake. Mika anapandisha dau hatua kwa hatua, ndama, kondoo dume maelfu, mito ya mafuta, hata mzaliwa wa kwanza, kisha anavitupa vyote na kubakiza haki, rehema na unyenyekevu. Julius Wellhausen, mwanazuoni Mjerumani aliyeandika katika miaka ya 1870 na 1880, aliona hapa ushahidi kwamba sheria za makuhani tunazozisoma katika Mambo ya Walawi zilipangwa baadaye, baada ya uhamisho wa Babeli, na kwamba manabii walikuwa na dini nyepesi zaidi, dini ya maadili. Kwa mtazamo huo, nabii na kuhani ni mahasimu tangu mwanzo.

Upande wa pili unajibu kwa hoja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, nayo imo ndani ya Isaya sura ya 1 yenyewe. Baada ya kukataa damu ya mafahali, uvumba, mwezi mpya na sabato, Isaya anaongeza kwamba hata wakiomba maombi mengi Mungu hatasikia, kwa maana mikono yao imejaa damu. Sasa, kama aya hizi ni tangazo la kufuta dhabihu, basi zinafuta na maombi pia, na hakuna anayedai kwamba Isaya alitaka watu waache kuomba. Mikono inayoinuliwa kuomba ndiyo iliyochafuka, na chochote itakachoshika kitachafuka nacho. Isitoshe, Isaya huyu aliitwa akiwa hekaluni, na midomo yake ikatakaswa kwa kaa lililotwaliwa juu ya madhabahu. Yeremia alitoka katika ukoo wa makuhani wa Anathothi, na Ezekieli alikuwa kuhani. Hawa si watu waliochukia moshi wa sadaka.

Ukiifungua sheria ya dhabihu yenyewe, mpaka kati ya ibada na haki unazidi kufifia. Mambo ya Walawi sura ya 6 inamzungumzia mtu aliyemdhulumu jirani yake, kwa amana, kwa unyang'anyi au kwa kiapo cha uongo. Kwanza arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ile ile. Ndipo alete kondoo dume kwa kuhani. Sura ya 5 nayo inamfikiria maskini: asiyeweza mwana-kondoo alete hua wawili, na asiyeweza hata hua alete sehemu ya kumi ya efa, yaani kipimo cha nafaka, ya unga. Hata tukimkubalia Wellhausen kuhusu tarehe, kuna jambo moja halibadiliki: waliokuja kuziandika sheria hizo, wakiwa makuhani, hawakuona madhabahu kuwa njia ya kukwepa deni la binadamu. Aliyeiona hivyo ni mwabudu.

Hapo ndipo Jonathan Klawans, mtafiti wa siku zetu aliyeandika kuhusu hekalu na dhabihu, anatoa hoja ninayoiona ya maana zaidi kuliko mjadala mzima wa moyo na mwili. Anasema manabii walijali mali yenyewe iliyowekwa madhabahuni. Sadaka maana yake ni kutoa kilicho chako. Mnyama aliyenunuliwa kwa fedha ya dhuluma si wako, na huwezi kutoa zawadi kitu cha mwenzako.

Msome Amosi kwa macho hayo na ghafla kila kitu kinashikika. Sura ya 8 ina wafanyabiashara wanaoitunza sabato sawasawa, hawauzi siku hiyo, lakini wanahesabu saa: mwezi mpya utapita lini tuuze nafaka? Wanapofungua duka, efa ya kupimia imepunguzwa, shekeli ya kupokelea fedha imeongezwa uzito, na makapi yamechanganywa na ngano. Sura ya 2 ina watu wanaojilaza kando ya kila madhabahu juu ya nguo zilizowekwa rehani. Kutoka sura ya 22 inaagiza nguo ya rehani irudishwe kabla jua halijatua, kwa sababu mwenyewe hana kingine cha kujifunika usiku. Kwa hiyo mwabudu wa Amosi amelala mahali patakatifu juu ya ushahidi wa kosa lake.

Tunajua kwamba nguo hizo hazikuwa mafumbo ya kishairi. Mwaka 1960, katika ngome ndogo iliyo pwani ya Israeli, mahali panapoitwa Mesad Hashavyahu, wachimbaji walipata kigae chenye maandishi ya Kiebrania ya mwishoni mwa karne ya 7 KK, karibu na wakati wa Yeremia. Ni malalamiko ya mvunaji. Anamweleza mkuu wake kwamba alivuna, akapima, akahifadhi ghalani kama kila siku, kisha akaja mtu mmoja aitwaye Hoshayahu akamnyang'anya vazi lake. Wenzake waliovuna naye juani, anasema, watamshuhudia. Anachoomba ni vazi lirudishwe. Hakuna hekalu wala nabii katika maneno yake, ila kibarua na nguo yake. Amosi aliishi zaidi ya karne moja kabla yake, na hali bado ni ile ile.

Kwa sababu hiyo naona tumeigawa mada vibaya tunapoweka "dini ya nje" upande huu na "dini ya ndani" upande ule. Utii walioudai manabii nao ulikuwa wa nje. Mizani ni ya nje. Vazi ni la nje. Mtumwa anayefunga mzigo wake na kuondoka ni tukio ambalo majirani wanaliona. Isaya sura ya 58 inawajibu watu wanaolalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona, na inawataja wakiwasukuma vibarua wao siku hiyo hiyo ya kufunga. Saumu anayoitaka Mungu, inasema, ni kufungua vifungo, kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Haiwaambii waongeze hisia.

Hata hivyo, usomaji wa moyo una haki yake. Isaya 29 inasema waziwazi kwamba watu wanamheshimu Mungu kwa midomo na mioyo yao iko mbali. Yeremia anataka mioyo itahiriwe, na anatazamia agano jipya lililoandikwa moyoni. Kuna sababu ya kihistoria ya Yeremia kufika huko. Mwaka 622 KK mfalme Yosia alifanya matengenezo makubwa kuliko yote: alibomoa mahali pa juu, yaani madhabahu za vilimani, akaisafisha nyumba ya Mungu, akalifanya taifa liape agano. Miaka 13 hivi baadaye, Yehoyakimu akiwa amekalia kiti, Yeremia anasimama kwenye lango la hekalu na kuwakuta watu wakirudia "hekalu la BWANA, hekalu la BWANA" kama hirizi, huku wakiiba, wakizini na kuapa kwa uongo. Mtu aliyeshuhudia matengenezo ya amri ya mfalme yakiyeyuka haraka namna hiyo ana sababu ya kutafuta mzizi ulio chini ya matendo. Ninachokataa ni kuugeuza moyo kuwa mbadala wa vazi lililochukuliwa.

Na lipo tatizo jingine ambalo watetezi wa utii hulipita haraka. Ule mstari maarufu wa 1 Samweli 15 una mazingira yake. Sauli ameshinda Waamaleki, anamsalimu Samweli kwa furaha, na Samweli anauliza mlio huu wa kondoo ni wa nini. Sauli anajibu kwamba watu wamebakiza walio bora wawatolee Mungu dhabihu. Kisingizio kizuri sana, na ibada imetumika kama pazia. Lakini amri iliyovunjwa ilikuwa kuwaua Waamaleki wote, pamoja na watoto wanyonyao. Utii wa sura hii na utii wa Amosi haufanani. Amosi anadai jambo ambalo maskini wa Samaria angelikubali. Samweli anadai jambo linalotegemea sauti ya nabii peke yake. Wahubiri wetu wanapouchomoa mstari huo na kuuelekeza kwa waumini wanaohoji viongozi wao, wanafanya kile kile alichofanya Sauli na kondoo.

Hata Betheli, mahali patakatifu pa ufalme wa kaskazini, inastahili kusikilizwa kidogo. Kuhani Amazia, aliyemwambia Amosi akimbilie Yuda akale mkate huko, ametuachia sentensi ya aibu: hapa ni patakatifu pa mfalme. Lakini vitabu tunavyovisoma vilihifadhiwa na watu wa Yuda, ambao Betheli ilikuwa mpinzani wa hekalu lao. Mwabudu wa kawaida wa kaskazini, aliyeleta hua wake wawili kwa nia njema, hana nafasi ya kusema. Nisingependa kumhesabu mnafiki kwa sababu tu matajiri wa Samaria walikuwa na vitanda vya pembe za ndovu. Samaria ilipoanguka mwaka 722 KK yeye naye aliangukiwa.

Baada ya uhamisho shutuma ziligeuka upande. Mwaka 520 KK Hagai aliwalaumu watu kwa kukaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku hekalu likiwa magofu. Malaki aliwakemea wanaoleta wanyama vipofu na vilema, akawaambia wajaribu kumpelekea liwali zawadi hiyo waone kama atawapokea. Kwa Malaki, kupuuza sehemu ya nje ya dini ndiko kunakoifichua ya ndani. Mtu aliyeshika Amosi peke yake hawezi kumweka Malaki popote.

Warumi walipolibomoa hekalu la pili mwaka 70 BK, mapokeo ya marabi, walimu wa Kiyahudi, yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai alimkuta mwenzake Yoshua akililia magofu: mahali pa upatanisho pamekwisha. Akamjibu kwamba wanao upatanisho mwingine ulio sawa nao, matendo ya fadhili, na akamnukulia Hosea 6:6, "Maana nataka fadhili wala si sadaka." Mathayo naye anamwonyesha Yesu akiutumia mstari huo huo mara mbili. Ungedhani hapo upande wa kwanza umeshinda. Lakini marabi hao hao walipopanga sala za kila siku, waliilinganisha ya asubuhi na ya alasiri na dhabihu mbili za kila siku ambazo hazikuwa zikitolewa tena.