Sehemu ya Mwisho Iandikwe Upya

Mimi ni karani wa ghala la saruji, na kazi yangu kwa miaka kumi na minane imekuwa kuhesabu mifuko inayoingia, kuhesabu mifuko inayotoka, kisha kueleza kwa maandishi kwa nini hesabu hizo mbili hazikubaliani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba najua chochote kuhusu utunzi wa tamthilia. Sijui. Hata hivyo, mwaka 2019, kwa muda wa wiki sita, nilikuwa miongoni mwa wahakiki wakali kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kochi lenye springi iliyotokeza, na niliwashambulia waandishi wa tamthilia kwa lugha ambayo nisingethubutu kuitumia hata kwa dereva wa bodaboda aliyenirushia matope.

Tamthilia yenyewe ilikuwa Game of Thrones, ile ya wafalme, majoka na maiti zinazotembea, iliyoanza kuonyeshwa na HBO ya Marekani mwaka 2011. Wenzetu waliitazama Jumapili saa tatu usiku kwa saa za New York, na saa tatu yao ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu kwetu Dar es Salaam. Kungoja hadi jioni hakukuwezekana, kwa sababu ikifika saa mbili asubuhi kila mtu mwenye simu alikuwa amekwisha kuutangazia ulimwengu nani amekufa na ameuawa na nani. Nikawa naamka. Mama watoto alinitazama nikitafuta rimoti gizani akasema, bila hasira yoyote, kwamba katika watoto watatu aliozaa hakumbuki hata usiku mmoja ambao nimewahi kuamka saa kumi.

Jumatatu mbili za mwisho ziliangukia ndani ya Ramadhani. Jirani yangu, mzee mmoja mswalihina ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinitazama kwa huruma kila nipitapo na krosi yangu shingoni, aliona taa ya sebuleni kwangu inawaka saa ya daku. Jumatatu ya kwanza alinyamaza. Ya pili aligonga dirisha akanipitishia bakuli la tambi za nazi, uso ukimwangaza kama mtu aliyejibiwa dua. Nilishindwa kumwambia kwamba nilikuwa nangoja joka. Nilizipokea tambi, nikazila zote, na hadi leo akinikuta njiani huniuliza kwa upole kama nimefikia uamuzi.

Sasa, kabla ya wiki hizo sita, tuliwapenda sana waandishi wale. Walikuwa wawili, David Benioff na D. B. Weiss, na wakati huo mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiniwekea sehemu zote kwenye flashi. Mwaka 2013 walituonyesha karamu ya harusi iliyogeuka machinjio, wakaua mwana, mama yake na mkewe mjamzito kwa usiku mmoja, nasi tukalia, tukashindwa kula, kisha tukawasifu kwa sauti moja. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, hawa watu ni vichwa!" Nami nikaitikia kwamba ni vichwa kwelikweli. Mwaka 2015 wakapewa tuzo ya uandishi ya Emmy, zile tuzo kubwa za televisheni za Marekani, mwaka 2016 wakapewa tena, na sisi tulijipongeza kana kwamba tuliwashikia kalamu.

Lakini tayari kulikuwa na mgawanyo wa lawama ambao kwa mtu aliyeoa haukuwa mgeni. Hadithi ile ilitoka katika vitabu vya mzee George R. R. Martin, na kitabu chake cha tano kilitoka mwaka huohuo wa 2011, kisha cha sita hakikuja. Tamthilia ikavipita vitabu. Tangu hapo, tukio likipendeza tulisema ni la mzee, likichukiza tulisema ni la wale wawili, kama ambavyo mtoto akifaulu huwa wa baba yake na akifeli huwa wa mama yake. Mzee naye hakusalimika. Akitoa kitabu kingine anaulizwa kwa nini si kile. Akiandika habari za mpira wa Marekani anaambiwa arudi mezani. Akitajwa kuwa na mafua, mashabiki wanamwombea afya kwa bidii ambayo, ukiichunguza vizuri, ni kwa ajili ya sura zilizobaki.

Ukaja msimu wa nane, wenye sehemu sita tu. Sehemu ya tatu ilikuwa vita vya usiku vya dakika 82, na giza lake lilikuwa giza la kukatikiwa na umeme. Televisheni yangu ni ya chogo, niliyoachiwa na shemeji alipohamia Morogoro, na ninaapa kwamba kwa sehemu kubwa ya vita ile nilikuwa naitazama sura yangu mwenyewe kwenye kioo, imekunja uso, ina tambara la kulalia kichwani. Nikaipiga televisheni kibao cha ubavuni, ambayo ndiyo tiba yake, nikaiona sura yangu vizuri zaidi. Baadaye mpiga picha mkuu alieleza kwamba giza lilikusudiwa na kwamba watu wengi hawajui kurekebisha televisheni zao. Unadhani nani alitukanwa? Mwandishi. Kana kwamba aliandika, "Hapa mzime taa."

Wiki iliyofuata kikaonekana kikombe cha kahawa cha siku hizi, kimesimama mezani mbele ya malkia mwenye majoka. Dunia nzima ikasema ni cha Starbucks, na kumbe hakikuwa. HBO wakakiri kosa, wakatania kwamba malkia alikuwa ameagiza chai ya majani ya dawa, kisha baada ya siku mbili hivi wakakifuta kwenye picha kana kwamba hakijawahi kuwapo. Huyo aliyekisahau huenda alikuwa mtu wa jukwaani mwenye kiu. Lakini lawama ilikwenda kwa mwandishi, na hapa nilipaswa kuwa mtu wa kwanza kumtetea, kwa maana ninajua mifuko ya saruji hupotea mikononi mwa wapakiaji, madereva na walinzi, lakini anayeitwa ofisini ni yule aliyeandika. Sikumtetea. Niliweka vicheko vitatu na jeneza.

Kilichowamaliza kabisa ni maelezo yao wenyewe. Katika filamu fupi ya nyuma ya pazia, Benioff alieleza ni kwa nini malkia alivamiwa na meli za adui ambazo alikwisha kuarifiwa kwamba zipo: alikuwa amezisahau kidogo. Ndugu zangu, nilicheka hadi mtoto akaamka. Maneno hayo mawili yalizunguka dunia siku nzima. Mimi mwenyewe nilichangia kwa kuandika, "Bosi, sikuiba mifuko saba, niliisahau kidogo," nikapata alama za kupendwa mia na kumi, idadi ambayo sijaipata kwa jambo lolote jema nililowahi kulisema.

Basi mashabiki waliokuwa wakiwaita wale wawili kwa upendo D na D, kutokana na majina yao ya kwanza, wakazigeuza herufi hizo kuwa Dumb na Dumber, yaani Mjinga na Mjinga Zaidi. Wengine wakafanya mbinu kwenye intaneti, hata ukitafuta "waandishi wabaya" kwa Kiingereza katika Google ukaletewa picha yao. Wengine wakaanzisha ombi la kutaka msimu wote wa nane urudiwe na waandishi wenye uwezo, na mamia ya maelfu wakasaini kabla hata sehemu ya mwisho haijaonyeshwa, hadi baadaye saini zikapita 1,500,000. Nilisaini. Siwezi kulificha. Nilijaza jina langu kamili, nikabonyeza, na papo hapo nikaombwa mchango wa fedha ili ombi liwafikie watu wengi zaidi, ndipo nikagundua kwamba uchungu wangu haukuwa umefika kiwango hicho.

Wapo waliokuwa na haki ya kulia kuliko mimi. Mwaka 2018 pekee, watoto wa kike 560 waliandikishwa Marekani kwa jina la Khaleesi, ambalo ni cheo cha malkia yuleyule, na wazazi wao, katika sehemu ya tano, wakamwona akipanda joka na kuuteketeza mji mzima pamoja na watoto wake baada ya mji kukwisha kusalimu amri. Sijui utamwelezaje mtoto jambo hilo siku akikua. Kwetu nasi tuna watu walioitwa majina ya wanasiasa, kwa hiyo ninawaelewa.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Mwandishi Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, mwaka 1893, mama mmoja alimwandikia barua iliyoanza kwa kumwita mnyama, na miaka kumi baadaye mwandishi huyo akamfufua mtu wake. Tofauti ni kwamba barua ya zamani ilidai karatasi, wino na stempu, na mtu mwingine hasira ilimwisha angali kwenye foleni ya posta. Mimi nilimtukana mtu wa Marekani kwa bando la shilingi mia tano, nikiwa nimelala chali.

Septemba mwaka huo wa 2019 tamthilia ikapewa tuzo kumi na mbili za Emmy, ikiwamo ya tamthilia bora, na ile sehemu ya mwisho tuliyoizomea ilikuwa imeteuliwa kuwania hata tuzo ya uandishi. Haikuipata, nasi tukashangilia kukosa kwake kuliko tulivyowahi kushangilia kupata kwetu. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Mwezi mmoja baadaye baba mkubwa akafariki. Usiku wa matanga, chini ya turubai, ukoo ulikaa ukaangalia nani ataandika wasifu wa marehemu, na macho yote yakanigeukia kwa hoja kwamba mimi ndiye "mtu wa kuandikaandika." Nikapewa kaunta buku, kalamu isiyo na kifuniko na kikombe cha chai ya tangawizi, nikaandika hadi majogoo. Ninasema bila kujisifu kwamba aya za mwanzo zilikuwa nzuri. Kuzaliwa kwake, shule aliyokwenda peku, kazi yake ya reli, namna alivyokataa hongo ya mbuzi kisha akamnunua mbuzi huyohuyo kwa bei halali; wazee walitikisa vichwa, na shangazi akaguna kwa namna ya kukubali. Shida ilianza nilipofika katikati, kwa sababu ibada ilikuwa imechelewa na mchungaji alikuwa amesimama pembeni yangu akiigonga saa yake kwa kidole. Miaka kumi na miwili ya mwisho ya baba mkubwa niliimaliza kwa sentensi moja. Kisha nikasoma kwamba ameacha mjane, watoto wanane na wajukuu ishirini na sita.

Alikuwa na watoto tisa.

Wa tisa alikuwa amesimama mstari wa mbele, ameshika msalaba.

Jioni hiyo kundi la ukoo la WhatsApp, ambalo kwa kawaida hutumika kukumbushana michango, liligeuka baraza la uhakiki. Binamu wa Dodoma aliandika kwamba mwanzo ulikuwa na nguvu lakini mwisho umekimbizwa. Mke wa kaka yangu alisema marehemu wa aya ya kwanza na marehemu wa aya ya mwisho ni watu wawili tofauti. Ba'mdogo, ambaye hakuhudhuria mazishi, alisema tangu mwanzo hakuwa na imani na mwandishi. Mtu mmoja alipendekeza wasifu uandikwe upya na usomwe siku ya arobaini na mtu mwenye uwezo, na kabla sijamaliza kusoma pendekezo hilo lilikuwa limeungwa mkono na watu kumi na wanne. Halafu mpwa wangu, yuleyule wa flashi, akatuma stika. Ilikuwa picha yangu nikiwa nasoma, mdomo wazi, na chini yake ameandika, "Nilimsahau kidogo."

Nililala nikiwa nimeizima simu. Katika giza lile niliwafikiria sana Benioff na Weiss, na nilijiuliza kama ile saini yangu inaweza kufutwa.

Wiki iliyopita shangazi ameniita kwake Kimara. Nilipomwamkia aliitikia marahaba kwa haraka, akanikalisha, akanisogezea daftari jipya. Ana miaka themanini na minne na anatembea kuliko mimi. "Mwanangu," akasema, "yaliyompata kaka yangu mimi hayatanipata. Wangu utauandika sasa hivi nikiwa hai, niukague mwenyewe." Tumefikia rasimu ya nne. Kila ninapopeleka, huvaa miwani, husoma kwa kidole, na hukata. Ndoa yake ya kwanza, iliyodumu miezi minane, ameagiza iondolewe yote, na nimeiondoa kama HBO walivyokiondoa kile kikombe, ingawa mezani pamebaki alama, kwa sababu kuna mtoto mmoja ambaye sasa haieleweki ametoka wapi. Watoto amenihesabisha mbele yake, mmoja mmoja, kwa majina, mara mbili.

Juzi ameisoma hadi mwisho bila kukata neno, akavua miwani, akanitazama kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. "Ila hapa mwisho umenimaliza haraka mno. Ongeza miaka kumi."

Nimeongeza kumi na mitano, kwa sababu hesabu zangu ninazijua.