Voisi ya dakika nne haitafutiki

Katika timu nyingi za Dar zinazofanya kazi kwa mbali, mhasibu yupo Mbezi, mbunifu Mwanza, mteja London, na kila kitu kinapitia grupu la WhatsApp. Anayesisitiza kwamba uamuzi uandikwe kwenye faili la pamoja huambiwa analeta urasimu. Anaonewa.

Wanaotetea grupu wana hoja. Bando dogo linatosha, na kwenye voisi unasikia kama mwenzako ana uhakika au anasitasita. Asiyejiamini kuandika hujieleza kwa Kiswahili chake bila kubabaika, na hilo si jambo dogo.

Lakini hebu tuipigie hesabu voisi moja. Meneja anatuma ya dakika 4. Bei mpya imo dakika ya 3, baada ya salamu na habari za foleni ya Ubungo. Watu 10 wakiisikiliza, zimekwenda dakika 40 za kazi. Wiki mbili baadaye mhasibu anaandaa ankara na bei imemtoka. Akiitafuta kwa neno haipati, maana ilisemwa, haikuandikwa. Anafungua voisi moja baada ya nyingine, mwishoni anauliza grupuni, na wawili wanamtajia bei mbili tofauti. Dakika 40 zote zile, na kumbukumbu hakuna! Mstari mmoja ungetosha: "Bei 450,000 badala ya 400,000, kwa sababu kurasa zimeongezeka, kuanzia 1 Julai, mfuatiliaji mhasibu." Wengi huiacha sababu, kumbe ndiyo inayozuia mjadala uleule kurudi mwezi ujao.

Saa nazo ziandikwe kamili. "Saa 4 asubuhi" ya Dar ni 10:00, na London huwa nyuma kwa saa 2 au 3 kutegemea majira, kwa kuwa wao hubadili saa, sisi hatubadili.

Faili la mtandaoni nalo lina udhaifu wake. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Google Docs huweza kufunguka bila mtandao, ila mpangilio huo huwashwa mapema, mtandao ukiwepo.

Voisi ibaki kwa kuelekezana. Mstari wa uamuzi auandike aliyesikiliza, si aliyesema: akikosea, msemaji ataona alivyoeleweka na kumsahihisha siku hiyohiyo, kabla ankara haijatoka.