Mkaguzi wa Mizigo Hapewi Bahashishi

Ndugu na marafiki wanaojiandaa kuja huku Marekani huuliza sana kuhusu viza, kilo za mizigo na nguo za baridi, na ni mara chache huuliza ni nani anayestahili kupewa fedha njiani na nani hastahili hata senti moja. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kwanza ambalo msafiri anapaswa kulielewa, kwa kuwa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya safari za huku na safari za nyumbani Tanzania. Msimamo wangu ni kwamba mtu anayekuhudumia anaweza kupewa bahashishi, lakini mtu aliyekabidhiwa mamlaka ya kukukagua hapaswi kupewa chochote, hata akiwa mpole na hata akiomba kwa adabu.

Huku ukaguzi wa abiria na mizigo yao unasimamiwa na TSA, wakala wa serikali ulioundwa Novemba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Katika viwanja vingi wakaguzi hao ni watumishi wa serikali ya shirikisho, na kanuni za maadili zinazowabana watumishi hao zinawaruhusu kupokea zawadi ndogo isiyozidi thamani ya dola 20, lakini ruhusa hiyo haihusu kabisa fedha taslimu. Kwa hiyo abiria anayemsogezea mkaguzi noti ya dola tano kwa nia njema tu, kama tulivyolelewa kumshukuru aliyetusaidia, anamtia mwenzake matatani na kujitia mwenyewe katika maswali ambayo yanaweza kumchelewesha hadi ndege iondoke.

Hata hivyo siamini kwamba Wamarekani ni waadilifu kuliko sisi. Naamini kwamba mpangilio wa kazi umewasaidia. Ukishakabidhi sanduku lako kaunta, linaingia kwenye mkanda na kwenda kukaguliwa mahali ambapo wewe huoni, na likitiliwa shaka hufunguliwa bila wewe kuwepo, kisha huachwa ndani karatasi inayoeleza kwamba limekaguliwa. Kama umelifunga kwa kufuli ambalo funguo zao maalumu haziwezi kulifungua, wana ruhusa ya kulivunja, na hawalilipi. Aliyefungasha unga, karanga za kusaga na viungo vikiwa vimeshindiliwa pamoja asishangae akikuta karatasi hiyo, kwa sababu vitu vilivyoshonana namna hiyo huwa vigumu kusomeka kwenye mashine. Mkaguzi hajui kama sanduku ni la tajiri au la mwanafunzi, wala hana wa kumwambia neno. Utaratibu huu nao una kasoro yake, kwani wapo wakaguzi waliowahi kupatikana na hatia ya kuiba mali za abiria, na ndiyo maana vito, fedha na dawa hubebwa kwenye begi la mkononi.

Nyumbani mambo yanakwenda ana kwa ana. Abiria hupitisha mizigo yake kwenye mashine mlangoni kabla hajaingia ndani ya jengo, kisha hukaguliwa tena kabla ya kupanda ndege, na anayerudi kutoka nje hukutana na forodha. Katika hatua zote hizo mwenye mzigo amesimama pale pale, sanduku liko wazi mbele ya watu, na saa ya ndege inasogea. Hapo ndipo sauti ya chini husema, "Kaka, unatuachaje?" au "Mama, tuachie hata ya soda." Nimeisikia kauli hiyo katika kiwanja ambacho sitakitaja, kutoka kwa kijana mwenye sare na kitambulisho shingoni, akiwa ameushika mkono wa begi langu. Hakunitishia wala hakunitukana. Lakini wakati ule yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kunipitisha au kunirudisha nyuma ya foleni, na ombi linalotoka kwa mtu mwenye uwezo huo huwezi kulilinganisha na ombi la mtu mwingine yeyote.

Najua kwamba wakaguzi wengi wa nyumbani hufanya kazi yao kwa uaminifu, kwa zamu ndefu na mshahara ambao hautoshi. Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba elfu tano ni kitu kidogo kisichostahili kelele. Mashine ya ukaguzi imewekwa ili kitu cha hatari kisipande ndege, na ikiwa jicho linaloitazama linaweza kulainishwa kwa elfu tano ya msafiri mwema, litalainishwa pia kwa laki tano ya mtu mwenye nia mbaya. Kinachoniumiza zaidi ni wazee wetu, ambao hutoa kwa sababu wanahofia kuachwa na ndege, na pia wenzetu tunaoishi nje ambao hugawa dola mlangoni ili waonekane wamefanikiwa, wakamwachia anayewafuata, asiye na dola, mzigo wa kueleza kwa nini yeye hatoi.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ipo, na TAKUKURU ipo. Msafiri naye ana silaha yake, kwani malipo halali ya serikali kwa sasa huambatana na namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Ukiambiwa kwamba bidhaa yako inatozwa ushuru, omba namba hiyo kwa utulivu na ulipe. Asiyeweza kuitoa hana anachokudai.

Upande wa bahashishi yenyewe, sioni sababu ya kuwaiga Wamarekani. Hapa Texas ninapoishi, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu wa mgahawa dola 2.13 kwa saa, kiwango cha shirikisho ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa matumaini kwamba wateja watamfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25, na wasipomfikisha, sheria inamtaka mwajiri ajazie. Ndiyo maana asilimia 15 hadi 20 juu ya bili si hisani bali ni sehemu ya mshahara wa mtu, na mgeni anayeondoka bila kuiacha amempunguzia mhudumu kipato chake. Mpe mpagazi anayepokea mizigo nje ya mlango wa kiwanja dola moja au mbili kwa kila begi, na umwachie anayesafisha chumba cha hoteli dola chache kila siku. Lakini skrini inayokuomba asilimia 20 kwa chupa ya maji uliyoichukua mwenyewe kwenye friji unaweza kuikataa bila kuona haya.

Kwa mama ntilie wa Tanga, bei ya wali na samaki ndiyo bei, na ukimwachia chenji ni kwa upendo wako. Utaratibu huo una heshima zaidi kwa mlaji na kwa mpishi, na ningesikitika kuuona ukipotea. Tayari umeanza kupotea katika utalii: wapagazi wa Kilimanjaro, wanaopanda na mizigo ya kufikia kilo 20, hutegemea mno fedha za wageni siku ya mwisho ya safari, na zipo kampuni zinazoitumia bahashishi hiyo kama kisingizio cha kuwapunja ujira.

Ningependa viwanja vyetu vianze na hatua mbili. Mabegi ya kwenda chini ya ndege yakaguliwe nyuma ya kaunta, mbele ya kamera, na mwenyewe aitwe tu inapolazimu. Na wapagazi wa nje, ambao ndio hasa wanaotufanyia kazi, wapewe sare yenye namba, na bei yao kwa kila begi ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa ya Kiswahili.