Tetesi za laptopu mpya: prosesa inasubirika, RAM je?

Kila matoleo mapya yanapokaribia, tetesi nyingi huwa za prosesa: ina viini vingapi, inafika kasi gani, itaitwaje. RAM, memori ya kazi ya kompyuta, hutajwa mwishoni, tena kwa haraka. Kwa anayepanga kununua laptopu mwaka huu wa 2026, mpangilio huo una kasoro. Uamuzi wa kununua au kusubiri uanzie kwenye RAM, kwa kuwa ndiyo inayopanda bei, na katika mashine nyingi ukishanunua ndogo huwezi kuiongeza tena.

Wanaoshauri kusubiri wana hoja nzito, na mfano wao mzuri ni Intel. Septemba 2024 kampuni hiyo ilitoa Lunar Lake, prosesa za Core Ultra 200V, ambazo RAM yake imewekwa pamoja na prosesa kwenye kifurushi kimoja. Betri ilidumu vizuri sana, lakini mnunuzi alibaki na machaguo mawili tu: GB 16 au GB 32. Wengi wakatabiri kwamba huo ndio mwisho wa RAM ya kubadilishwa. Mwezi uliofuata Pat Gelsinger, aliyekuwa mkuu wa Intel, aliwaambia wawekezaji kwamba mpango huo hautarudiwa. Kweli, Panther Lake iliyoingia sokoni Januari 2026 kwa jina la Core Ultra Series 3 imeitoa RAM nje ya kifurushi. Mtengenezaji anaweza kuchomelea LPDDR5X, aina ya RAM inayokula umeme kidogo, kwenye bodi, au kuweka sloti (nafasi za kuchomeka vipande) za DDR5 ya kawaida. Lakini toleo lenye grafiki (sehemu ya kuchora picha) kubwa ya viini 12 linakubali LPDDR5X pekee, kwa hiyo anayeitaka grafiki hiyo asitarajie sloti za kawaida.

Lenovo, watengenezaji wa laptopu za ThinkPad, nao waligeuza mwelekeo. ThinkPad T14 za mwanzo zilikuwa na RAM iliyochomelewa, yote au sehemu. T14 Gen 5 ya Intel, ya mwaka 2024, ikarudi na sloti mbili. Aliyesubiri hapo alipata kitu cha maana.

Lakini si kila namba mpya huleta kitu kipya. Prosesa za Ryzen AI 400 za AMD, mshindani wa Intel, zilizotangazwa Januari 2026, zinatumia usanifu (muundo wa ndani) uleule wa Zen 5 uliokuwa kwenye Ryzen AI 300 za mwaka 2024, pamoja na nyongeza ndogo za kasi. Ryzen 5 7520U iliuzwa katika familia ya 7000 ilhali viini vyake ni Zen 2, usanifu wa mwaka 2019. Kizazi kijacho cha AMD kwa laptopu, Medusa, kampuni yenyewe imekipanga kwa mwaka 2027. Anayekisubiri ajue anasubiri muda mrefu, na kwamba baada ya tangazo huchukua miezi kabla mashine za bei ya kati hazijafika madukani.

Alama za majaribio zinazovuja nazo zipimwe kwa tahadhari. Mara nyingi zinatoka kwenye sampuli za wahandisi, ambazo kasi yake bado haijapandishwa. Hata prosesa iliyokamilika hutegemea umeme inaoruhusiwa kutumia: prosesa moja ikiwekwa kwenye laptopu nyembamba ya wati 17 na nyingine yenye feni kubwa ya wati 28, kwenye kazi ndefu zitaachana waziwazi. Tetesi isiyotaja wati haisaidii kulinganisha.

Sasa upande wa RAM. Kwa miaka mingi ushauri wa kusubiri ulitegemea jambo moja: vifaa hushuka bei. Tangu nusu ya pili ya 2025 hali imekuwa kinyume. Soko la memori limeshikwa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote zimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye memori za seva za akili bandia, ambazo faida yake ni kubwa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina lililozoeleka sana kwa vipande vya RAM vya rejareja. DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5, nayo imepanda, kwa sababu viwanda vinapunguza kuitengeneza. Katika hali hii, mtengenezaji akitaka kuzuia bei ya laptopu isipae, njia rahisi ni kupunguza RAM ya toleo la chini. Nahofia anayesubiri prosesa bora atakuja kuikuta imefungwa na GB 8 zilizochomelewa.

Je, RAM ya kuchomelewa ni mbaya daima? Hapana. LPDDR5X ya kasi ya 8533 kwenye njia ya biti 128 husafirisha takriban GB 136 kwa sekunde, wakati vipande viwili vya DDR5 ya 5600 hufikia karibu GB 90. Grafiki ya ndani inaihisi tofauti hiyo. Anayeendesha modeli ya lugha (akili bandia ya kuandika) ndani ya laptopu ataihisi zaidi: modeli ya GB 5 lazima isomwe yote kwa kila tokeni, yaani kipande cha neno, hivyo kikomo cha LPDDR5X hiyo ni kama tokeni 27 kwa sekunde, na cha DDR5 hiyo ni 18. LPDDR pia hula umeme kidogo mashine ikiwa imelala. Kwa hiyo kwangu mashine ya kuchomelewa yenye GB 32 inakubalika kabisa. Yenye GB 8 nisingemshauri mtu, hata prosesa yake iwe mpya kiasi gani.

Njia ya kati ipo: LPCAMM2, kibao bapa kinachofungwa kwa skrubu na kubeba LPDDR5X ya kasi. ThinkPad P1 Gen 7 ya 2024 ilikuwa ya kwanza kukitumia. Tatizo ni kwamba kibao kimoja hujaza njia yote, hivyo kuongeza ni kukitoa cha zamani na kununua kizima kipya, na wauzaji bado ni wachache. Kikishuka hadi mashine za bei ya kati, hoja ya kusubiri itapata nguvu. LPDDR6, kizazi kinachofuata LPDDR5X, isimzuie mtu kununua sasa. Kiwango chake kilichapishwa Julai 2025, na teknolojia ya namna hiyo huanzia mashine za bei ya juu.

Kwa wanunuzi wa Kariakoo au Nairobi, ambako laptopu zilizotumika ni nyingi, hesabu ni nyingine kabisa. ThinkPad T480 ina sloti mbili za DDR4, na prosesa zake za kizazi cha 8 zinakubaliwa na Windows 11. T490 ina sehemu iliyochomelewa na sloti moja. X1 Carbon haina sloti hata moja. Kwa Lenovo, ingiza jina la modeli kwenye tovuti yao ya PSREF kabla ya kutoa fedha. Inataja wazi kama kuna sloti.

Unaponunua kipande, hakikisha aina yake: DDR4 ya laptopu ina pini 260 na DDR5 ina 262, na pengo lililo kati ya pini haliko mahali pamoja, kwa hiyo usilazimishe. Ukiongeza GB 16 kwenye mashine yenye GB 8 zilizochomelewa, GB 16 za kwanza zitafanya kazi kwa chaneli mbili (njia mbili za data kwa pamoja, haraka zaidi) na 8 zilizobaki kwa chaneli moja. Kabla ya kufungua ThinkPad, zima betri ya ndani kupitia BIOS, programu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kuweka DDR5, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa wakati mashine inaipima RAM mpya. Usibonyeze kitufe cha kuzima, iache imalize.