Mahakama ni Nzuri Ikituamulia Sisi

Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga alipotangaza kuwa uchaguzi wa urais wa Kenya umebatilishwa, upinzani ulicheza barabarani. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ametangazwa mshindi, alikwenda soko la Burma, Nairobi, akawaita majaji wakora, na wafuasi wake wakamshangilia. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama ile ile, sasa chini ya Martha Koome, ikaidhinisha ushindi wa William Ruto. Wengi waliomsifu Maraga wakasema majaji wamenunuliwa. Na wengi waliowatukana majaji mwaka 2017 wakaanza kutuhubiria kuheshimu sheria. Ni hukumu ngapi kati ya hizo walizisoma? Tusiulizane.

Huwa tunaambiwa dawa ya ushabiki huu ni elimu. Mimi siamini. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, kila mwenye simu azione. Waliokesha wakijumlisha si wasiojua kusoma. Ni wahasibu, walimu, vijana wa kompyuta. Fomu iliyompendelea mgombea wao waliipita kama gari lisilo na abiria. Iliyompendelea mpinzani waliivuta, wakaikuza, wakachunguza hadi mwandiko wa karani.

Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwahi kulipima jambo hili na wenzake. Waliwapa watu jedwali la takwimu kuhusu dawa ya vipele, na waliojua hesabu walilisoma vizuri kuliko wengine. Walipoambiwa tarakimu zile zile zinahusu sheria za bunduki, jambo linalowagawa Wamarekani kivyama, wajuzi wa hesabu ndio waliotengana zaidi. Jibu likiwaudhi, walilikagua upya mpaka wakaona kasoro. Likiwafurahisha, waliishia hapo. Msomi, kwa maneno mengine, ni wakili aliyesomea zaidi, ila mteja wake ni yule yule: chama.

Na chama chenyewe kikigeuka? Hapo ndipo mambo huwa matamu. Mapendekezo ya BBI, mpango wa Uhuru na Raila Odinga wa kubadilisha katiba, yalikuwa na ofisi ya kiongozi rasmi wa upinzani bungeni. Kambi ya Ruto ikapinga BBI nzima, ikasema ni mradi wa kugawana vyeo. Desemba 2022, akiwa rais, Ruto akawaandikia maspika akipendekeza iundwe ofisi hiyo hiyo.

Nina rafiki aliyeipinga BBI kwa jasho na machozi. Pendekezo la Ruto lilipotoka akalisifu kuwa ni ukomavu wa kisiasa. Nikamkumbusha maneno yake.

“Hii ni tofauti,” akasema.

“Tofauti gani?”

“Ngoja, nakutumia video.”

Ilikuja video ya dakika arobaini. Aliyekuwa akizungumza ni mbunge wa chama chake.